Vyombo vya Watu Nyumbani kwa Faki

Jua lilikuwa limekataa kuchwa. Lilisimama juu ya paa la mashine ya kusaga, palipofanyika kikao, saa kumi alasiri, halishuki hata kidole kimoja, kwa sababu katika mtaa ule kikao hakifungwi mpaka watu wakubaliane, na jua nalo lilikuwa limelelewa humohumo. Basi usiniulize kikao kilichukua muda gani. Waliokuja wamenyoa walikuwa na ndevu. Mwanamke aliyekuja na mimba alikwenda akajifungua, akarudi na mtoto mgongoni kuuliza wamefika ajenda ya ngapi, akaambiwa bado ni ile ya kwanza. Ajenda ya kwanza ilikuwa wezi.

Bi Mize alikaa mbele, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wa mtaa. Nani alimchagua, hakumbuki. Wengine husema aliyechaguliwa ni mama yake, na kwamba siku mama alipofariki, binti alijifunga kanga yake, akatoka nje, watu wakamsalimia mjumbe, naye akaitikia. Hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Zipo alasiri alizoitwa "Mjumbe" akageuka kumtafuta mama yake, na zipo alizojitazama mikono akaona ni ile ya mama, na mishipa yake ileile, akaona ni sawa tu. Uongozi wa mtaa si cheo cha kuringia. Ni kujua nani kagombana na nani, na nani leo hajawasha moto.

Lakini hilo la kujua ndilo lililokuwa limeanza kumponyoka, na si yeye peke yake.

Wezi walianza na vitu vidogo. Shuka kwenye kamba. Sufuria ya maharage, tena yanatokota. Kisha simu mikononi mwa watu, mchana kweupe, pikipiki inapita na mkono mmoja unatoka. Kisha Bi Mosi, muuza vitumbua, mwanamke ambaye ulimi wake haujui likizo, alitoka kuoga akakuta mlango wa nyumba yake haupo. Haukuvunjwa. Ulibebwa na bawaba zake. Na mji mzima ulikuwa hivyo. Kila siku redio ilisema uhalifu umeongezeka, kisha ikapiga muziki.

Watu wakaanza kufunga milango mchana. Ndugu yangu, hapo ndipo nina ugomvi nao mpaka leo. Mtaa ule milango ilikuwa ikishinda wazi. Ulipita ukaona nani anasuka, nani anapepeta mchele, nani kanuna. Ilipofungwa, nyuso zilianza kufifia. Mtu alikutana na jirani yake wa ukuta mmoja akajiuliza huyu ni nani. Kila aliyeibiwa alipoulizwa mwizi ana sura gani, alieleza sura ya mtu wa mtaani humohumo, kwa sababu ndizo sura pekee alizowahi kuzijua, na sasa hazikuwa na wenyewe. Maana mtu ni nini, ukimwondolea yale wanayoyakumbuka majirani zake? Jina lako hulitumii wewe, wanalitumia wao. Uso wako hujauona hata siku moja ila kwenye kioo, na kioo hakikupendi. Wao ndio waliokutunzia uso. Wakiusahau, utakwenda kuuomba wapi? Mtaa ule ulikuwa unaibiwa, ni kweli, lakini ulikuwa pia unajisahau, na hasara ya pili haikutangazwa redioni.

"Mama," alisema Shaibu, akasimama, "mimi sina maneno mengi."

"Unayo, mwanangu. Yaseme," Bi Mize akamjibu, na watu wakacheka.

Shaibu alikuwa mtu wa miaka arobaini, shati la mikono mirefu limepigwa pasi hata kwenye kola. Alikitaka kiti cha Bi Mize na hakulificha hilo. Bi Mize alimpenda vilevile. Alimpokea kwa mikono yake siku aliyozaliwa, kabla mkunga hajafika, na mtu uliyempokea akiwa na utelezi huwezi kumwogopa sana akishika kipaza sauti.

"Tuweke geti la chuma mwanzo wa mtaa," Shaibu alisema. "Ufunguo mmoja, na mshika ufunguo mmoja."

"Nani atakayeushika?" Bi Mosi aliuliza kutoka nyuma.

"Atakayechaguliwa."

"Yaani wewe."

"Nikichaguliwa, Bi Mosi."

"Na mteja wangu kutoka mtaa wa pili, akija kutafuta kitumbua, akubembeleze wewe kwanza?"

"Ndiyo usalama wenyewe huo."

"Mlango wangu uliondoka bila kumbembeleza mtu," Bi Mosi alisema. "Hao watu wanabeba milango, Shaibu. Geti nalo si mlango tu?"

Wakabishana. Wako waliotaka geti, wako waliotaka vijana walipwe wakae na rungu, wako waliotaka mwizi akikamatwa asifikishwe popote. Hawa wa mwisho walisema kwa sauti ya chini, na Bi Mize aliwatazama mmoja mmoja mpaka wakainamisha macho. Alisikia mikono ikijiandaa kunyooka kwa ajili ya geti. Naye geti alilichukia. Anayelala ndani ya geti na anayelala jela, alifikiri, wote wanamsubiri mtu mwingine aje afungue.

Ndipo alipokosea. Tena alikosea kwa nia njema, na makosa ya nia njema ndiyo yanayokaa kwa muda mrefu.

"Kabla ya geti," alisema, "tujitazame sisi wenyewe. Tupekue nyumba zote, moja baada ya moja. Chombo cha mtu kikionekana kwa mtu mwingine, mwenye nyumba atoke mtaani, kwa sheria ile ya zamani."

Aliamini hakitaonekana kitu. Nyumba zote zingekuwa safi, watu wangeoneana haya kwa kushukiana, na geti lingekufa hapohapo. Mikono ikanyooka yote. Hata wa Shaibu. Hata wa Faki, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa benchi.

Sheria ya zamani nikueleze. Aliyetolewa mtaani hapigwi wala hafukuzwi kwa mawe. Jina lake halitajwi tena, na akisalimu haitikiwi. Basi. Anaweza kubaki na nyumba yake akitaka. Lakini mtu asiyeitikiwa huanza kupungua. Wiki ya kwanza sauti, kisha kivuli, kisha mwenyewe. Wapo waliowahi kufanyiwa hivyo mtaani pale. Huwajui hata mmoja, na mimi pia siwajui.

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na mashine ya kusaga ilikuwa ya Faki, fundi wa majiko ya mkaa. Mjane wa kiume, mwembamba, mpole, mtu wa kuitikia salamu kabla hujaimaliza. Watu wawili waliingia kwake wakiona kama wanapoteza muda. Walipotoka walikuwa wameshika mkeka pande mbili, umelemewa katikati, na ndani yake mabakuli. Ya bati, yenye maua. Ya udongo. Ya plastiki yenye vifuniko. Wakayapanga chini mbele ya kiti cha Bi Mize. Yalikuwa thelathini na moja, yameoshwa, yanang'aa, na hakuna hata moja lililokuwa la Faki.

"Lile la maua mekundu langu," Bi Mosi alisema taratibu.

"Lile la mfuniko wa kijani la kwetu."

"Na lile la mama yangu," alisema Shaibu, kwa hasira au kwa kitu kingine.

Bi Mize alimtazama Faki. "Faki. Hivi ni vyombo vya nani?"

"Vya watu."

"Vimefikaje kwako?"

Faki aliyatazama mabakuli. Kisha akawatazama watu, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu waliohudhuria. Kisha akaangalia miguu yake.

"Nimeiba," alisema.

Ile sauti iliyotoka kwa watu haikuwa kelele. Ilikuwa pumzi, pumzi ya watu waliokuwa wameisubiri kwa muda mrefu. Mwizi hatimaye alikuwa na sura. Na mimi nakwambia walifurahi, Mungu awasamehe, kwa sababu kumwogopa mtu mmoja unayemjua ni kazi nyepesi kuliko kuwaogopa wote usiowajua.

Lakini Bi Mize alikuwa ameliona bakuli lake. La bati, limechubuka ukingoni pale lilipomponyoka. Na kumbukumbu ilimjia polepole, kwa harufu kwanza. Harufu ya nazi. Mvua. Ubani. Kazija.

Kazija mke wa Faki. Msiba wa Kazija. Mwaka juzi, au miaka saba nyuma, mtaa haukuwa na hakika tena. Kila nyumba ilipika. Kila nyumba ilipeleka bakuli limefunikwa.

Na chombo hakirudi kitupu. Nani asiyelijua hilo? Ukiletewa bakuli na jirani, unalirudisha na kitu ndani yake, hata kama ni chumvi, hata kama ni ndimu mbili. Kurudisha bakuli tupu ni kumwambia mwenzako kwamba kwako kumekauka. Ni kuvua nguo barabarani.

Faki hakuwa na cha kutia. Thelathini na moja. Hata ndimu mbili mbili. Akaanza kungojea siku atakayokuwa nacho. Kazija ndiye aliyekuwa akipika, Kazija ndiye aliyejua bakuli lipi ni la nani na linarudi na nini. Majiko ya mkaa nani ananunua siku hizi. Akangoja. Akayaosha. Akayafuta vumbi. Akangoja. Milango ikafungwa, na sisi tukasahau kwamba tuliwahi kupika.

Nikisema, Bi Mize alifikiri. Nikisema, nitamwokoa. Nikisema, nitasimama mbele ya mtaa mzima niwaambie huyu hana hata chumvi. Yeye kachagua. Kaona bora aitwe mwizi. Mwizi ni mtu mwenye nguvu, mwizi ana mikono. Mtu asiye na kitu cha kutia bakulini ana nini? Mama, ungefanyaje? Mama hakujibu. Mama ni mimi. Nisiposema, kesho atanisalimia nami nitapita. Faki. Nimwache Faki apungue kwa sheria niliyoileta mwenyewe?

"Tupige kura," Shaibu alisema. "Amekiri."

"Hatujafika kwenye kura," alisema Bi Mize. "Taratibu inataka mwizi akikiri aeleze alivyoiba. Kitu kimoja kimoja."

Taratibu hiyo haikuwepo. Aliitunga palepale, na kwa kuwa alisema kwa sauti ya mama yake, hakuna aliyeipinga. Akainama, magoti yakalia, akaokota bakuli lake.

"Hili langu. Uliliiba lini?"

"Siku nyingi."

"Siku gani? Kulikuwa na jua, kulikuwa na mvua?"

"Mvua," alisema Faki. "Siku ya pili."

"Ya pili ya nini?"

Faki aliyatazama mabakuli tena. Kisha akasema, "Ya pili ya msiba."

Kule nyuma mtu mmoja aliacha kutafuna.

"Lilikuwa tupu?"

"Halikuwa tupu. Lilikuwa na muhogo wa nazi. Na pilipili moja juu, nzima, hukuipasua."

"Kwa hiyo siku ya pili ya msiba wa mkeo uliingia jikoni kwangu, ukaiba bakuli la moto, ukaondoka nalo mvuani."

"Ndiyo."

"Hukuungua?"

"Niliungua," alisema Faki, ambaye alikuwa hajui kabisa kusema uongo, na watu wawili watatu wakacheka bila kutaka.

"Na mimi nilikuwa wapi wakati unaniibia?"

Faki alimtazama. Macho yake yalikuwa yanamwomba aache. Bi Mize aliyaona, na hakuacha, ila alipunguza sauti.

"Mimi nilikuwa wapi, Faki?"

"Ulikuwa umelishika."

"Kisha?"

"Kisha ukaniambia nile, hata kijiko kimoja. Nikakwambia sioni ladha. Ukasema siyo kazi ya ladha leo. Ukakaa. Ukanilisha mwenyewe mpaka likaisha, na hukusema neno jingine. Nilitaka kukushukuru, sikuweza kufungua mdomo ila kwa kijiko."

Bi Mize alikuwa amesahau. Alilia wazi, mbele ya kikao, hakujifuta. Alikuwa na furaha pia, furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake ambacho hakujua kuwa kimepotea. Na nitakwambia jambo alilolisimulia baadaye, uamini usiamini: wakati ule ndipo alipojua kwa hakika kwamba yeye si mama yake. Mama yake hakuwahi kumlisha mtu muhogo siku ya mvua. Ni yeye.

Bi Mosi alikuja mbele. Hakuwa na maneno mengi, na hilo peke yake lilitosha kuwatisha watu.

"Na la maua mekundu uliliibaje?"

"Wewe ulileta kunde, Bi Mosi. Ulikuja na mwiko wako, ukasema miko ya wanaume waliofiwa haikorogi vizuri. Uliongea mfululizo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, juu ya kuku wako. Nilikuwa naogopa nyumba itanyamaza. Hukuiacha inyamaze."

"Yule kuku alikuwa mpumbavu sana," alisema Bi Mosi, akalichukua bakuli lake akalikumbatia.

Wakaja mmoja mmoja. Na kila mmoja aliambiwa alichokileta na alivyokuwa siku ile: wewe ulipewa lifti mpaka hapa kwa sababu ya mguu mbovu, na bado ulibeba wali, wewe tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya mpaka wa ua, ukaleta pweza ukaondoka bila kuaga, nikacheka kwa mara ya kwanza. Faki alikuwa akiyajua yote. Wakati milango imefungwa na watu wanapoteana, yeye alikuwa akiyafuta vumbi kila siku, na kila siku akiwakumbuka wenyewe. Kila mtu aliyepokea bakuli lake, uso wake ulirudi mahali pake. Majirani wa ukuta mmoja walitazamana wakaitana kwa majina. Mimi nilikuwepo, nami niliitwa.

Lakini Shaibu alibaki amesimama.

"Nina swali," alisema. "Haya yote sawa. Kwa nini hakuyarudisha? Alikuwa na miaka yote hii. Kwa nini?"

Hapakuwa na mtu mzima asiyejua jibu, na hapakuwa na aliyetaka kulisikia likitoka kinywani mwa Faki.

"Swali hilo limekataliwa," alisema Bi Mize.

"Na nani?"

"Na kiti."

"Mama, kikao ni cha wote. Nina haki ya kuuliza."

"Unayo haki, mwanangu. Na mimi nakuomba usiitumie."

Faki aliinua mkono. "Mwacheni," alisema. "La kwao ni lile dogo la bluu. Mama yake alikuwa kitandani, akapika uji wa pilipili manga hivyohivyo, akamtuma yeye. Shaibu, ulikuwa mtu mzima tayari, una shati kama hilo. Uliponiona ulishindwa kunipa pole. Ukakaa chini kwenye vumbi, na suruali yako ya kazini, ukawa unaupuliza uji upoe. Uliupuliza muda mrefu sana. Mama yako naye akafuata baada ya mwezi. Nilitaka kukuletea hilo bakuli siku hiyo. Nilikuja nalo mpaka mlangoni kwenu. Nikarudi nalo."

Hakusema kwa nini alirudi nalo. Shaibu aliokota bakuli dogo la bluu, akaligeuza, akatazama ndani. Ndani lilikuwa jeupe, safi, tupu. Shati lake la pasi lilikuwa linapanda na kushuka. Naye hakuwa mtu mbaya, nilikwambia tangu mwanzo alipokewa na mikono mizuri.

"Naondoa swali," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo watu wa mbele tu waliisikia, "Samahani, mjomba."

Hapakupigwa kura. Lakini jua, lililokuwa likisikiliza, liliona limetosha, likashuka lote kwa mkupuo mmoja, mpaka kuku waliokuwa barabarani wakababaika. Wezi, ukitaka kujua, waliendelea kuwepo. Mlango wa Bi Mosi haukupatikana, na suala la geti lilisogezwa mbele mpaka kikao kingine ambapo Shaibu aliahidi kuja na michoro. Kilichokubaliwa, bila mtu kukitamka, ni kwamba mchana milango ishinde wazi, na atakayekuja kuiba atakuta anatazamwa na watu wanaofahamiana.

Watu wakaondoka na vyombo vyao. Kila aliyepita mbele ya Faki alisema jambo, hata kama ni "haya bwana." Yeye aliitikia kabla hawajamaliza. Alikunja mkeka. Bi Mize alikuwa bado kwenye kiti chake chenye mguu mfupi, anasubiri magoti yampe ruhusa. Faki alikuja akasimama ubavuni pake. Alifungua mdomo, akaufunga, akatazama nyumba zilizokuwa zinaanza kuwasha moto, akafungua tena.

"Bi Mize," alisema. "Nina njaa."

Bi Mize hakumgeukia, ili asimwonee haya. "Tangu lini?"

"Tangu Kazija."

Bi Mize akamshika mkono, mbele ya wote waliokuwa wamebaki barabarani, wakaenda jikoni.